MIYASAKA, Tsutomu

Mwanakemia wa Kijapani, aliyezaliwa Kamakura mwaka 1953. Ndiye aliyeasisi, pamoja na wanafunzi wake, seli za jua za perovskaiti.

Maisha. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Waseda, akapata udaktari Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1981, kisha akaajiriwa na kampuni ya filamu za picha ya Fuji, ambako alikaa takriban miaka 20. Mwaka 2001 alihamia Chuo Kikuu cha Toin, Yokohama, na mwaka 2004 akaanzisha kampuni yake, Peccell.

Asili ya jina. Perovskaiti ni jiwe la milima ya Ural ambalo Mjerumani Gustav Rose alilibainisha mwaka 1839, akaliita kwa heshima ya Lev Perovski, mkubwa mmoja wa Kirusi. Siku hizi kwa jina hilo huitwa kila fuwele ambayo atomu zake zimepangika kama za jiwe hilo.

Utafiti. Katika seli za jua za rangi, zilizotangulia hizi, kioo hupakwa chembe za oksidi ya titani, chembe hizo zikatiwa rangi ya kunasa nuru, na baina yake na kioo cha pili kikamiminwa kiowevu chenye ayodini ili kupitisha umeme. Mwanafunzi Akihiro Kojima alitaka kuijaribu perovskaiti ya risasi mahali pa rangi hiyo, na Miyasaka akamridhia. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2009, yalikuwa haba: asilimia 3.8 tu ya nuru iligeuka umeme, na fauka ya hayo kiowevu kile kiliziyeyusha fuwele mithili ya chumvi majini, seli ikafa kwa muda wa dakika chache. Wanazuoni wengi hawakuishughulikia habari hiyo hata mwaka 2012, Nam-Gyu Park wa Korea na Henry Snaith wa Oxford, kila mmoja na wenzake, walipokiondoa kiowevu na kuweka kitu kikavu, ufanisi ukapanda ghafla hadi kiasi cha asilimia 10. Baadaye ukavuka 25.

Sifa kubwa ya perovskaiti ni wepisi wa kuitengeneza: silikoni ya seli za jua za kawaida haiyeyuki ila kwa joto lipitalo nyuzi 1,400, ilhali chumvi za perovskaiti huyeyushwa katika kimiminiko, zikadondoshwa juu ya kioo kinachozungushwa mbio, na kwa moto wa nyuzi 100 hivi utando wa manjano hugeuka mweusi machoni pa mtazamaji.

Kasoro. Huharibiwa na unyevu, na risasi yake ni sumu.

Hali ya sasa. Hupakwa pia juu ya silikoni ili mbili hizo zigawane nuru. Japani, iliyo maskini wa mafuta, ni ya pili duniani baada ya Chile kwa kutoa ayodini, kiambato cha perovskaiti hiyo, ambayo aghalabu huvutwa katika maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi ya Chiba.