Daftari la kuchorea la rangi ya maji na penseli: pima kabla ya kufunga mzigo

Na Mwandishi Wetu

Wafanyabiashara wa vifaa vya shule na ofisi wanaovusha mizigo kati ya Tanzania na nchi jirani wanaijua bidhaa hii: daftari la kuchorea ambalo jalada lake limeandikwa "Mixed Media". Maana ya maneno hayo ni kwamba karatasi yake inafaa kwa vifaa vikavu kama penseli, mkaa na chaki za rangi, na pia kwa vifaa vya majimaji kama rangi za maji na wino.

Ni bidhaa ndogo, lakini hasara yake huja haraka. Katoni zikishavuka Namanga au Mutukula, na mwalimu wa sanaa akagundua kuwa karatasi inavimba na kuchanika kwa rangi ya kwanza, kurudisha mzigo ni gharama mpya ya nauli, muda na makaratasi ya forodha. Muuzaji wa jumla naye yuko upande wa pili wa mpaka. Kwa hiyo kagua pale unaponunua. Maneno ya jalada hayatoshi.

Wanunuzi ni akina nani?

Soko la kwanza ni vyuo na shule za sanaa. Uganda kuna shule ya sanaa ya Margaret Trowell katika Chuo Kikuu cha Makerere, Rwanda kuna shule ya Nyundo, na Tanzania kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kenya ilianza kutumia mtaala wa umahiri nchi nzima mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, na sanaa ni sehemu ya mtaala huo.

Angalizo: si kila mchoraji ni mteja wa daftari hili. Wachoraji wa Tingatinga hutumia rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya ubao au turubai. Rangi hizo zikipakwa kwenye karatasi tupu, mafuta hupenya na kuacha doa upande wa pili. Usimwahidi mteja kuwa daftari linafaa kwa kila rangi.

Uzito wa karatasi

Kipimo cha kwanza ni gramu kwa mita moja ya mraba, kinachoandikwa GSM au g/m². Kwa wastani mambo huwa hivi:

- Gramu 90 hadi 130: penseli, kalamu na mkaa. Maji hayafai.
- Gramu 160 hadi 200: vifaa vikavu na rangi ya maji nyepesi. Karatasi itajikunja kidogo.
- Gramu 250 hadi 300: rangi ya maji ya kutosha, wino, na hata tabaka mbili tatu za rangi.

Tahadhari na madaftari yanayotoka Marekani, maana uzito wake huandikwa kwa pauni. Pauni huhesabiwa kwa karatasi 500 za ukubwa wa msingi, na ukubwa huo hutofautiana kwa aina ya karatasi. Karatasi ya rangi ya maji ya pauni 140 ni gramu 300. Karatasi ya matumizi mchanganyiko ya pauni 184 nayo ni gramu 300, na ile ya pauni 98 ni gramu 160. Anayelinganisha pauni kwa pauni anaweza kulipa zaidi kwa karatasi ileile. Soma gramu, na zisipoandikwa, pima mwenyewe.

Jinsi ya kupima kwa mizani

Karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na A4 ni sehemu moja ya kumi na sita ya hiyo. Chukua karatasi 10 za A4, ziweke kwenye mizani ndogo ya kidijiti, kisha zidisha gramu ulizopata kwa 1.6. Jibu ndilo GSM.

- Karatasi 10 zikiwa na gramu 100, ni GSM 160.
- Zikiwa na gramu 125, ni GSM 200.
- Zikiwa na gramu 187 au 188, ni GSM 300.

Kwa A5 zidisha kwa 3.2, na kwa A3 zidisha kwa 0.8. Kuna madaftari ya inchi 9 kwa 12 yanayouzwa kama A4. Hayo ni makubwa kidogo, hivyo zidisha kwa 1.43. Tofauti ya gramu chache ni ya kawaida kwa sababu karatasi hubeba unyevu wa hewa. Lakini jalada likisema 300 na mizani ikasema 220, hapo kuna la kuzungumza kabla ya kulipa.

Jaribio la maji

Uzito peke yake hautoshi. Karatasi nzuri hutiwa kiwandani gundi ya wanga, jelatini au kemikali nyingine inayozuia maji kunyonywa kwa kasi. Karatasi nene isiyo na gundi hiyo hunyonya kama karatasi ya chooni. Omba daftari moja la sampuli ufanye yafuatayo:

1. Dondosha tone la maji. Likikaa juu kwa muda kabla ya kuzama, ni dalili njema. Likizama papo hapo na kutawanyika, acha.
2. Pitisha brashi yenye rangi mara tatu mahali pamoja. Karatasi dhaifu itatoa vinyweleo.
3. Chora mstari wa wino kwa kalamu. Kingo zikisambaa, mteja wa kalamu atalalamika.
4. Chora kwa penseli, ufute kwa raba. Uso usichunike.
5. Geuza upande wa pili uone kama rangi imepenya. Makapeni zenye spiriti hupenya karatasi nyingi, hata zile nene, hivyo zisiwe kigezo cha kukataa mzigo.

Papasa uso pia. Mkaa na chaki za rangi huhitaji uso wenye mkwaruzo kidogo ili unga ushike. Kalamu ya wino hupenda uso laini. Daftari la matumizi mchanganyiko hukaa katikati. Angalia kama limeandikwa kuwa halina asidi, kwa kuwa karatasi yenye asidi hugeuka njano na kukauka upesi, na mchoraji anayeuza kazi zake hataki hilo.

Kufungwa kwa daftari

Daftari la waya hufunguka lote na hukaa sawa mezani, lakini waya hupondeka katoni zikibanana. Lililoshonwa huvumilia safari na linapendeza, ila bei yake iko juu. Lililogandishwa kwa gundi upande mmoja ni rahisi, lakini gundi duni huachia kwa joto na karatasi zikatoka moja moja. Lifungue kwa nguvu katikati kabla ya kuagiza.

Hesabu ya bei

Usilinganishe bei ya jalada kwa jalada. Kwanza tofautisha karatasi na kurasa: daftari lenye kurasa 60 lina karatasi 30 tu. Pili, hesabu pande zinazotumika. Tuseme daftari la kwanza ni la GSM 160, karatasi 30, Sh 9,000. La pili ni la GSM 300, karatasi 20, Sh 12,000. Kwa karatasi, la kwanza ni Sh 300 na la pili ni Sh 600. Lakini mwanafunzi wa rangi ya maji mara nyingi atatumia upande mmoja tu wa karatasi nyembamba, na pande zote mbili za karatasi nene. Hapo kila upande unagharimu Sh 300 kwa madaftari yote mawili. Kwa mteja wa penseli, la kwanza ni nafuu. Mjue mteja wako kwanza.

Uzito wa mzigo

Msafirishaji naye ahesabu. Karatasi moja ya A4 ya GSM 160 ina gramu 10, ya GSM 300 ina gramu 18.75. Madaftari 1,000 yenye karatasi 30 kila moja ni kilo 300 kwa aina ya kwanza na kilo 562.5 kwa aina ya pili, bila kuhesabu majalada, waya na katoni. Anayekubali nauli kwa idadi ya madaftari bila kuuliza gramu anaweza kubeba karibu mara mbili ya alichotarajia. Pia uzito ulioandikwa kwenye orodha ya mzigo ukipishana na mizani, gari linaweza kusimamishwa.

Mpakani

Madaftari kwa kawaida huwekwa katika kundi la ushuru la 4820. Vitabu vya watoto vyenye michoro ya kupaka rangi viko kundi la 4903, na karatasi zisizofungwa zina makundi yake. Mpe wakala wa forodha sampuli, si jina la bidhaa tu, ndipo akuandikie kundi sahihi na kiwango cha ushuru.

Wengi hukosea kwenye cheti cha uasili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Daftari lililotengenezwa China au Ulaya haliwi la Afrika Mashariki kwa sababu tu limenunuliwa Kariakoo au Nairobi. Tunza ankara na nyaraka za ushuru uliolipwa lilipoingia.

Safarini na ghalani

Karatasi hunyonya unyevu. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, usifungue nailoni ya kiwandani mpaka siku ya kuuza. Panga katoni juu ya chaga, zilale bapa, nzito chini na A3 zisining'inie. Usichanganye na chumvi, samaki wakavu, sabuni wala mafuta ya taa, kwani karatasi hushika harufu. Katika kontena, joto la mchana na baridi ya usiku huleta matone darini, hivyo funika mzigo hata kama hakuna mvua. Kwenye lori la wazi, hakikisha turubai halina tundu, hasa msimu wa masika.

Mwisho, bakiza daftari moja la sampuli lenye tarehe na jina la aliyekuuzia. Mzigo ujao ukija tofauti, utakuwa na ushahidi mkononi.