Luteni Uhura na Chumba cha Redio

Nilipokuwa darasa la sita hapa Buswelu, jirani yetu mmoja alikuwa na deki ya video. Jumamosi tulikuwa tunajipenyeza sebuleni kwake, watoto kama ishirini hivi, wengine tumekalia ndoo. Siku moja akaweka mkanda usio na ngumi wala mateke ya Kichina. Tukaona meli kubwa inaelea kwenye giza la angani, na ndani yake maofisa wamekaa kila mtu kwenye kiti chake. Wenzangu wakaguna, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mimi nikang'ang'ania. Nyuma ya nahodha alikaa dada mweusi mwenye nguo nyekundu na kidude cha chuma sikioni. Wakamwita Luteni Uhura.

"Uhura?" mshikaji mmoja akauliza. "Si waseme Uhuru tu!" Tukacheka mpaka tukafukuzwa.

Nilikimbia nyumbani kumweleza Baba. Baba alikuwa ofisa wa redio kwenye meli za hapa ziwani, zile za usiku za kwenda Bukoba. Akaniuliza, "Huyo dada anafanya kazi gani humo?" Nikajibu, "Hafanyi kitu, Baba. Anakaa tu, anasikiliza."

Baba akaweka kikombe chini taratibu. "Anakaa tu," akarudia. Hakunikemea. Lakini hata leo, nikikumbuka uso wake, naona haya. Makala hii, ndugu msomaji, ni deni ninalolipa.

Nianze na hadithi yenyewe. Star Trek ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani Septemba 8, 1966, ikafika mwisho Juni 1969 baada ya sehemu 79. Mtunzi wake, Gene Roddenberry, alikuwa amewahi kuwa rubani wa vita na baadaye polisi wa Los Angeles. Utumishi wa maofisa wale aliupanga kama jeshi la majini. Meli yao, Enterprise, ina watu wapatao 430 wanaofanya kazi kwa zamu. Nahodha Kirk huamua na kuweka kumbukumbu katika daftari la safari. Scott ni wa injini, Sulu ni wa usukani, McCoy ni daktari, na Spock ni wa sayansi. Mtu wa Mwanza hahitaji kufafanuliwa sana. Apande meli yoyote pale bandarini, atakuta mpangilio huo huo, tofauti ni kwamba yetu inapita juu ya maji na yao inapita kati ya nyota.

Na Uhura je? Kazi yake ni mawasiliano. Hupokea wito, hutuma majibu, hutambua sauti iliyofunikwa na makelele, na humwambia nahodha nani anaita na anataka nini. Meli ikifika mahali pageni, wa kwanza kujua kama wenyeji ni rafiki au adui ni yeye, kabla bunduki haijaguswa.

Aliyeigiza ni Nichelle Nichols, Mmarekani Mweusi, mwimbaji na mcheza ngoma. Mwenyewe amesimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, na jina la ofisa likatoka humo. Irabu moja ikabadilishwa, likawa Uhura. Sisi wenye lugha tunabaki na jina lisilo na maana, ila tunajua limetoka wapi. Na hawakuishia kwenye jina. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe mwenye kujigeuza sura anamsemesha Kiswahili ili amlaghai. Mwaka 1967, katika sehemu nyingine, anafutwa kumbukumbu zote, na anapoanza kufundishwa kusoma upya, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Jina la Nyota, ambalo leo wengi wanalijua, lilitamkwa sinemani kwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009.

Hata hivyo, Nichols hakuwa na raha. Maneno yake yalikuwa yakipunguzwa, wiki baada ya wiki, mpaka akabaki na kusema kwamba njia za mawasiliano zi wazi. Baada ya msimu wa kwanza akaamua kuacha. Amesimulia kuwa alipokutana na Dk. Martin Luther King, akamweleza nia yake, King alimkataza. Alimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu wetu wanaonekana kama wanavyostahili kuonekana. Akabaki.

Sasa turudi huku kwetu. Kumbe kabla Roddenberry hajafikisha hadithi yake kwenye televisheni, kazi ya Uhura ilikuwa imeshafanyika kweli katika ardhi ya Waswahili! Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani Unguja, huko Tunguu. Kilikuwa kimoja kati ya vituo 18 vya mradi wa Mercury vilivyouzunguka ulimwengu, viwili vikiwa melini. Februari 20, 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo kimoja kilimsikia kwa dakika chache tu, kisha akapotea upeoni. Kano, Nigeria, ikamwachia Zanzibar, Zanzibar ikaiachia meli iliyokuwa Bahari ya Hindi, kama mbio za kupokezana vijiti. Nani leo anawakumbuka waliokuwa wamekaa pale Tunguu masikio wazi? Glenn ndiye aliyeandaliwa gwaride New York.

Wenyeji nao walikuwa na wasiwasi na mitambo ile, na maandamano ya kuipinga yalifanyika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, kituo kilifungwa mwezi Aprili mwaka ule ule.

Halafu Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru, safari hii irabu zote zikiwa mahali pake. Kazi yake ilikuwa kupokea miale ya eksirei kutoka angani. Ikatambua vyanzo 339, na ikasaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba kile kinachoitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Hiyo nayo ilikaa tu, ikisikiliza!

Nichols naye hakuishia kwenye maigizo. Mwaka 1977 alianza kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga NASA. Kundi lililochaguliwa 1978 lilikuwa na wanawake sita na Wamarekani Weusi watatu. Septemba 1992 Mae Jemison akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, na amesema ni Uhura aliyemwonyesha njia tangu utotoni. Nichols alifariki Julai 30, 2022, akiwa na miaka 89.

Waandishi wenzangu, tumezoea kuandika habari za nahodha. Hadithi zetu zimejaa wakubwa wanaotoa amri, na sisi vijana tukijaribu kuandika habari za angani ndiyo kabisa, mhusika lazima aitwe Johnny na ametoka Chicago. Mimi mwenyewe nimeandika mbili za namna hiyo, na zote nimezichana. Kama Mmarekani aliweza kuokota neno letu akalivisha sare ya luteni, sisi tunashindwaje kumpeleka kati ya nyota mtu wa Buswelu aliyezoea kukesha akisikiliza ziwa?

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu kabisa kufika Mwanza na mamia ya watu wakafa, Baba alikuwa ameshaacha kazi. Alikaa mbele ya redio ya nyumbani tangu asubuhi hadi usiku, hakula. Kila walipotaja jina la mtu, aliinamisha kichwa. Siku ile ndipo nilipoelewa kusikiliza ni kazi ya namna gani.

Juzi nimemsomea makala hii. Akatulia mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, ng'wanawane. Ila hujaandika kwamba zamu ngumu ni ile ya kimya. Hakuna anayeita, na huruhusiwi kulala."

Basi, Baba, nimeandika.