Kanisa la Wasomaji: Kiswahili katika Maisha na Uenezi wa Jumuiya ya Kwanza ya Kianglikana Buganda

Katika mjadala wa nafasi ya Kiswahili nchini Uganda, lipo dai ambalo limerudiwa mara nyingi hata likazoeleka kama ukweli: kwamba Kiswahili kiliingia nchini kwa mlango wa kambi ya jeshi, na kwamba kanisa, tangu siku yake ya kwanza, lilikuwa upande wa wanaokipinga. Sehemu ya pili ya dai hili haisimami mbele ya historia. Jumuiya ndogo ya Wakristo iliyokusanyika Natete, karibu na ikulu ya Kabaka, ilijifunza kusoma kwa vitabu vya Kiswahili, ikahubiriwa kwa Kiswahili kabla ya kuhubiriwa kwa Kiganda, na baadhi ya vijana wake walikwenda kuuawa huku wakiimba kwa Kiswahili. Makala hii inafuatilia maisha ya jumuiya hiyo na namna ilivyoieneza imani yake, kisha inaeleza jinsi lugha iliyoilea ilivyokuja kuonekana ngeni ndani ya nyumba yake yenyewe.

Kabla ya Natete

Wamisionari wawili wa kwanza wa Church Missionary Society (CMS) walifika kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877. Hawakukuta nchi isiyojua kitabu. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameleta Uislamu na Kiswahili tangu enzi ya baba yake Mutesa, na Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, akajifunza hati za Kiarabu, na akaelewa Kiswahili kiasi cha kuweza kuzungumza na wageni wake. Vijana wa ikulu waliofuata dini hiyo waliitwa wasomaji. Kwa hiyo, kabla hajaonekana Mkristo hata mmoja Buganda, kusoma kulikwisha kupata maana inayozidi kutambua herufi: msomaji alikuwa mtu aliyejiunga na dini. Uzito wa neno hilo ulidhihirika mwaka 1876, Mutesa alipoamuru kuuawa kwa vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake. Wakristo walioitwa wasomaji baadaye walirithi jina lililokwisha kugharimu damu.

Mwalimu wa kwanza wa Biblia katika ikulu hiyo pia hakuwa Mzungu. Henry Stanley alipomtembelea Mutesa mwaka 1875, alikuwa na kijana aitwaye Dallington, aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya UMCA huko Unguja pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Stanley na kijana huyo walimtafsiria Kabaka sehemu za Biblia kwa Kiswahili, na Stanley alipoondoka Dallington alibaki ikulu kama msomaji na mwandishi. Historia nyingi za kanisa humpa Dallington sentensi moja au mbili, kisha humkimbilia Mzungu anayefuata. Hilo ni kosa la mizani. Kwa miaka miwili mfululizo, ujumbe wa Kikristo katika Buganda nzima ulikuwa juu ya ulimi wa kijana mmoja aliyekuwa mtumwa, na ulimi huo ulisema Kiswahili.

Karakana na kitabu

Alexander Mackay, Mskoti aliyesomea uhandisi, alifika Buganda Novemba 1878. Alikuwa amekaa pwani na bara yake tangu mwaka 1876, akisimamia ukataji wa barabara kutoka Sadani hadi Mpwapwa, na huko alijifunza Kiswahili pamoja na vibarua na wapagazi. Alipofika Natete aliweza kusema na ikulu bila mkalimani. Kiganda alikuwa bado hakijui.

Makazi ya Natete yalikuwa karakana kwanza, kisha kanisa. Watu walikuja kutazama moto wa mhunzi, tezo na keezo. Walileta vyuma vya kutengenezwa, wakakaa kutazama, na waliokaa muda mrefu waliishia mbele ya karatasi ya herufi. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, ni Mackay aliyepewa kazi ya kuunda majeneza yake, makubwa kupita kiasi, na kazi hiyo ilimpa jina ikulu kuliko mahubiri yake yote. Vijana waliishi naye nyumbani, wakipika, wakifua na kujenga, na kati ya kazi moja na nyingine walisoma. Yeye mwenyewe aliwachapia karatasi za kusomea kwa mtambo mdogo wa chapa aliokuja nao.

Vitabu vyenyewe vilitoka Unguja. Askofu Edward Steere wa UMCA alikuwa ametafsiri na kuchapisha Injili kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1860, na nakala zake zilisafiri kwa miezi mingi vichwani mwa wapagazi hadi ziwani. Hazikutosha kamwe. Masimulizi ya wamisionari yanaeleza jinsi wanafunzi walivyokizunguka kitabu kimoja kilichowekwa katikati, kila mmoja akijifunza kusoma kwa upande aliokalia, hata wakapatikana waliosoma kwa ufasaha kitabu kikiwa kimepinduliwa.

Utaratibu wa somo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimokaa uenezi wote. Aya ilisomwa kwa Kiswahili, kisha ikafafanuliwa kwa Kiganda papo hapo. Mwanzoni ufafanuzi ulikuwa wa kusitasita, baadaye wanafunzi wenyewe walianza kumsahihisha mwalimu. Hiyo ilikuwa tafsiri ya mdomo, ikifanywa kila siku na watu wengi, miaka kabla ya kuandikwa kwa tafsiri yoyote inayofahamika leo. Mwanafunzi aliyeelewa aya alirudi nyumbani kwa bwana wake, au ikulu, akamfundisha mwenzake. Kanisa hili halikuwa na wahubiri wa kutumwa barabarani; lilienea kutoka msomaji hadi msomaji, kama moto wa kuazimana baina ya majirani.

Oktoba 1881 Mackay alipokea barua ya kuomba ubatizo. Mwandishi wake, Sembera, alikuwa mtumwa wa mzee mmoja aliyeishi jirani. Aliiandika mwenyewe, kwa kijiti cha nyasi kilichochongwa na wino wa kujitengenezea, na alianza kwa kumwita mpokeaji Bwana. Tarehe 18 Machi 1882 Sembera na wenzake wanne walibatizwa. Hao ndio Wakristo wa kwanza wa Kianglikana kubatizwa katika nchi ya Buganda. Mwaka huohuo kijana mwingine, Duta, aliyekuwa amepelekwa pwani, alibatizwa Unguja, akarudi na jina la Henry Wright na Kiswahili kilichokomaa. Jina hili la Duta litarudi. Hadi Mutesa anafariki, Oktoba 1884, waliobatizwa katika kanisa hilo hawakufika mia moja.

Jumuiya bila jengo

Kabaka mpya, Mwanga, alikuwa kijana, na ikulu yake ilijaa hofu ya Wazungu waliosikika kutwaa nchi pwani. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa nyumba ya Mackay, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikatwakatwa na kuchomwa moto huko Busega. Robert Ashe, mmisionari mwenza wa Mackay, ameandika kwamba vijana hao waliimba njiani, na wimbo anaoutaja ni wa Kiswahili, mmoja wa nyimbo zilizoimbwa kila siku Natete. Leo wimbo huo huimbwa kwa Kiganda katika kumbukumbu za mashahidi, na waumini wengi hawajui kwamba ulianza kwa maneno mengine. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha jinsi kumbukumbu ya taifa inavyoweza kuhifadhi tendo na kuipoteza lugha yake.

Wamisionari walitambua kwamba siku yoyote wangeweza kufukuzwa. Katikati ya mwaka 1885 waliunda baraza la wazee wa kanisa kutoka miongoni mwa Waganda wenyewe. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko majengo yote ya Natete. Mwezi wa Oktoba Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kuja, na Juni 1886 makumi ya wasomaji, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa, wengi wao kwa kuchomwa moto pamoja Namugongo tarehe 3 ya mwezi huo. Nuwa Walukaga, mhunzi wa Kabaka na mzee wa kanisa, alikuwa mmoja wao. Pamoja naye aliuawa Robert Munyagabyanjo, mzee mwenzake ambaye wasomaji walikuwa wakikusanyika nyumbani kwake.

Baada ya hapo ibada zilihamia usiku, katika nyumba za wazee waliobaki. Ndani ya hatari hiyo Mackay na Ashe walikuwa wakiichapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda, karatasi moja moja, na wasomaji wakizificha. Mackay aliondolewa nchini Julai 1887, akafia Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Mwaka 1888 misheni zote mbili zilifukuzwa, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Uhamishoni waliendelea kusoma na kufundishana chini ya wazee wao, bila mchungaji aliyewekewa mikono. Waliporudi hawakuwa wachache kuliko walipoondoka. Anayetaka kujua kanisa hili lilisimama juu ya nini atafute jibu katika miaka hiyo, wala si katika makanisa makubwa yaliyojengwa baadaye juu ya kilima cha Namirembe.

Lugha inahama

Desemba 1890 waliwasili Askofu Alfred Tucker na George Pilkington, mtaalamu wa lugha aliyekijua Kiganda kwa kasi ya kushangaza. Pilkington anasifiwa, kwa haki, kwa Biblia ya Kiganda iliyokamilika mwaka 1896, ile nene na fupi iliyoumbwa ili iingie katika mikebe ya biskuti, isiliwe na mchwa. Lakini pembeni yake siku zote alikaa Henry Wright Duta, aliyezaliwa ndani ya Kiganda na kulelewa kiimani ndani ya Kiswahili. Tafsiri ile ya mdomo ya karakana ya Natete ilikuwa imemwandaa kwa muda mrefu, na msamiati wa Biblia hiyo unaonyesha alama zake. *Ekkanisa*, *omusalaba*, *malayika*, *Enjiri*, *ekitabo*, *eddiini*: hakuna Mswahili atakayeshindwa kuyatambua maneno haya, licha ya mavazi yake mapya. Baadhi yaliingia kwa mlango wa Uislamu, mengine kwa mlango wa misheni, na mara nyingine milango yote miwili ilikuwa wazi kwa neno moja.

Kuhamia Kiganda kulikuwa na haki yake. Mtu husali vizuri zaidi kwa lugha aliyonyonya, na mikusanyiko ya wasomaji iliyotapakaa vijijini katikati ya miaka ya 1890 isingewezekana kwa lugha ya kujifunza. Lililozidi haki hiyo ni chuki. Mackay alitamani Kiswahili kiwe siku moja lugha ya kuunganisha Afrika ya kati yote. Tucker, katika kitabu chake cha mwaka 1908, aliitaja ndoto hiyo na kuikataa waziwazi: afadhali Kiingereza, aliona, kuliko lugha iliyobeba Uislamu na tabia za pwani. Hapo lugha iliyoleta Injili Buganda ilihukumiwa na askofu wa kanisa hilohilo kwa kosa la kuwa na ndugu Waislamu. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kukipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala, upinzani uliongozwa na Kabaka Daudi Chwa pamoja na maaskofu, wa Kianglikana na wa Kikatoliki. Kabaka alikuwa na hofu ya kisiasa iliyoeleweka: Kiswahili kilifuatana na mpango wa kuiunganisha Uganda na Kenya, nchi ya masetla. Maaskofu nao walitumia hoja ambazo Sembera na Duta wangezishangaa.

Kuna tawi moja la historia hii ambalo halikufuata mkondo huo. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Muganda aliyewahi kuwa Mwislamu, alivuka kutoka Toro hadi Mboga, ambayo leo ni Boga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alianzisha huko kanisa dogo kwa njia ileile ya Natete, mwalimu mmoja na duara la wasomaji, akaliongoza hadi kifo chake mwaka 1933. Kwa miongo mingi kanisa la Boga lilitumia vitabu vya upande wa Uganda, hasa vya Kinyoro. Lakini lilipoanza kuenea mijini na kwa makabila mengine ya mashariki ya Kongo, vitabu hivyo havikutosha tena, na waumini wakachukua lugha ya soko na barabara. Mjukuu huyo wa Natete, anayeishi ng'ambo ya mpaka, leo anasoma Injili kwa Kiswahili.