Mwaka wa Utafiti Kabla ya Ubingwa

NCHINI Kenya, anayehitimu udaktari huhudumu kwanza hospitalini kwa mwaka mmoja akiwa daktari mwanagenzi, na wengi hufanya kazi miaka kadhaa kabla ya kurejea chuoni kusomea ubingwa. Marekani mambo ni tofauti. Huko mwanafunzi hutarajiwa kutoka chuoni na kuingia moja kwa moja katika mafunzo ya ubingwa, na aliyekaa nje mwaka mmoja au miwili huulizwa alikuwa akifanya nini.

Jibu linalopokelewa vyema ni utafiti.

Nafasi za mafunzo hayo hugawanywa kupitia mfumo wa kitaifa ulioanza mwaka 1952. Waombaji huorodhesha hospitali wazipendazo, nazo hospitali huwaorodhesha waombaji, kisha matokeo hutangazwa Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Machi. Kwa miaka mingi alama za sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni ndizo zilizotumiwa kuwachuja. Tangu Januari 26, 2022, sehemu hiyo hutoa jibu la kupita au kuanguka tu, na mizani ikaelemea mambo mengine, utafiti ukiwemo. Katika upasuaji wa ubongo, wahitimu wa vyuo vya Marekani waliopata nafasi mwaka huo walikuwa wameorodhesha, kwa wastani, kazi za utafiti zaidi ya 20 kila mmoja.

Idadi hiyo isimtishe msomaji. Hujumlisha makala yaliyochapishwa, ikisiri na mawasilisho ya kongamanoni, hivi kwamba uchunguzi mmoja waweza kuhesabiwa mara tatu.

Je, aliyeutumia mwaka huo kutafiti huendelea hivyo akishaanza ubingwa? Machapisho ya mwaka wake wa kwanza hospitalini huweza kupotosha. Makala huchukua miezi mingi hadi kuchapishwa, kwa hivyo mengi ya yanayotoka wakati huo ni mavuno ya shamba alilolilima kabla. Kipimo cha haki ni kazi anazozianzisha baadaye, na hapo kikwazo ni saa. Kanuni ya mwaka 2003 humruhusu daktari anayesomea ubingwa kufanya kazi hadi saa 80 kwa wiki, zikikadiriwa kwa wastani wa majuma manne. Atokaye zamu ya usiku ana nguvu gani za kupekua takwimu? Ndiyo maana baadhi ya vyuo huongeza mwaka mmoja au miwili ya utafiti juu ya miaka 5 ya upasuaji wa jumla. Tiba ya familia, yenye miaka 3, haina nafasi kama hiyo.

Kwa daktari aliyesomea nje ya Marekani, Mkenya akiwemo, hesabu ni nzito zaidi. Kazi nyingi za utafiti humlipa kidogo au hazimlipi kabisa, ilhali kodi ya nyumba na ada za mitihani hazingoji. Isitoshe, hospitali nyingi huweka kikomo cha miaka tangu mwombaji alipohitimu, na hutaka awe amehudumia wagonjwa hivi karibuni. Mwaka wa pili wa utafiti humwongezea makala, huku ukimsogeza karibu na kikomo hicho na mbali na kitanda cha mgonjwa.