Zimwi la bei nafuu
Filamu fupi za mazimwi ya plastiki hudharauliwa kama uigaji wa Hollywood. Sikubali. Katanga, kusini mwa Kongo, ilikuwa na zimwi lake kabla ya kamera za filamu hizo: katika miaka ya 1940 mjini Élisabethville watu waliwaogopa batumbula, wanyakuzi wa usiku waliosemekana kutumwa na Wazungu. Huko Dar es Salaam, mwongozaji Mussa Banzi alipotengeneza filamu ya Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, alichota mzuka wake katika simulizi za Wanyakyusa. Kweli, mbinu za kutisha alijifunza pia kwa Wanaijeria, ila hofu yenyewe ni ya nyumbani. Na Kasulo, mtaa ulio Katanga hiyo hiyo, ambako tangu 2014 watu wamechimba kobalti hadi chini ya sakafu zao, vifaa vya filamu ya kutisha vipo tayari: tochi ya kichwani, kamba, na shimo jeusi katikati ya sebule.