Tembe la Kwihara Mbele ya Kamusi Elezo

Kutoka Tabora mjini hadi Kwihara ni kama kilomita sita. Kijana wa bodaboda hahitaji maelezo marefu, ukitaja Kwihara tu anakumalizia: "Kwa Livingstone?" Mimi nilikwenda kwa miguu. Nakiri ulikuwa ukaidi, maana jua la Unyamwezi halina huruma, lakini nilikuwa nafuatisha njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, nikaona haya kukipita kipande chake hiki kifupi nimekaa kitako.

Mfukoni nilikuwa na daftari na kazi isiyokwisha. Nilikuwa nikiandika ingizo la nyumba iliyoko huko kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo huru iliyoanza mwaka 2003. Rasimu yangu ilikuwa imekwama kwa swali la mwenzangu mmoja tunayesomeana kazi. Aliuliza: nyumba hii inastahili ukurasa wake? Au ni aya moja ndani ya makala ya Tabora, na sentensi mbili ndani ya makala ya David Livingstone?

Lilikuwa swali la haki. Kamusi elezo haipokei kila kitu cha zamani, na umri peke yake hauhesabiwi. Inataka mashahidi walioandika: wasiwe na maslahi na kitu kinachoelezwa, waaminike, na wawe wamekizungumzia kwa kirefu, si kukitaja kwa kupita. Tena umaarufu haurithiwi. Mtu mashuhuri akilala mahali, godoro halipati ushuhuda kwa sababu hiyo. Ingekuwa hivyo, kila mti aliopumzika Livingstone kati ya Zambezi na Tanganyika ungekuwa na ukurasa, na huyo bwana alipumzika sana.

Nyumba yenyewe ni tembe: paa bapa, kuta nene za udongo, baraza mbele, vyumba vinavyolizunguka behewa. Leo ni makumbusho madogo. Ukiingia kutoka juani ubaridi wake unakupokea mlangoni, na hapo unaelewa kwa nini wafanyabiashara Waarabu waliofika bara waliuchukua ujenzi wa wenyeji badala ya kung'ang'ania mawe na chokaa za pwani.

Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe, eneo hili la Tabora, Juni 1871, akapokewa na liwali wa Waarabu, Said bin Salim, yuleyule aliyewaongozea msafara wasafiri Burton na Speke mwaka 1857. Stanley akakaa Kwihara miezi mitatu, na haikuwa kwa kupenda. Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakaenda kumpiga, Stanley akiwa nao, wakarudi wameshindwa. Agosti Mirambo akaingia Tabora na kuiunguza. Stanley akatoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akapandisha bendera ya Marekani, akangoja. Mirambo hakuja. Ndiyo kusema nyumba hii nusura iwe uwanja wa vita, jambo ambalo halina uhusiano wowote na Livingstone.

Livingstone mwenyewe aliingia Februari 1872, akiongozana na Stanley aliyemkuta Ujiji. Stanley akaondoka 14 Machi kurudi pwani, mzee akabaki kungoja wapagazi. Alingoja zaidi ya miezi mitano. Hao wapagazi, wanaume 57 waliotumwa kutoka pwani, walifika Agosti, na mwishoni mwa mwezi huo akaondoka nao kuelekea kusini. Katika kungoja huko, tarehe 1 Mei 1872, alimaliza barua kwa gazeti la New York Herald akiomba Wamarekani wasaidie kuikomesha biashara ya watumwa. Maneno kutoka barua hiyo ndiyo yaliyochongwa juu ya kaburi lake Westminster Abbey. Aliyaandika mwaka mmoja kamili kabla ya kufa, siku kwa siku.

Hapo nilidhani kesi imekwisha. Mwenzangu akanirudisha tena: hao wote ni mashahidi waliolala ndani ya nyumba. Shajara ya mpangaji ni ushahidi wa kwanza, na kamusi elezo inamtaka pia mtu wa pili, aliyekaa mbali akapima. Alikuwa na haki, ingawa nilikasirika kwa muda wa chai moja. Bahati nzuri wapo. Norman Bennett alichapisha kitabu kizima juu ya Mirambo mwaka 1971, na vita vya Unyanyembe vya 1871 havisimuliki bila Kwihara. Stephen Rockel naye mwaka 2006 aliwaandikia wapagazi kitabu chao, akawaonyesha kuwa wafanyakazi wa ujira wenye ufundi, mila na migomo yao. Mwaka huohuo, 2006, Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO, na Kwihara imo pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa na Ujiji.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga wa pwani walikuwa wafanyabiashara, walijua. Ila methali hiyo haisemi daftari ni la nani. Nilipokuwa barazani, mzee aliyekuwa amepumzika kivulini alinieleza mambo kadhaa ya eneo lile ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. Niliyaandika, nikamshukuru, nikijua kwamba siwezi kuyatumia hata moja. Kamusi elezo haipokei neno la mdomo mpaka mtu mwingine alichapishe kwanza. Sharti hilo naliheshimu, maana bila hilo kila mtu angejiandikia babu yake kuwa mtemi. Lakini linauma zaidi mahali kama Unyanyembe, ambako waliojenga hawakuandika na waliopita ndio walioandika.

Si kwamba Kiswahili kilinyamaza kabisa. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na humo yumo Sleman bin Mwenye Tshande akisimulia safari yake ya bara kutokea Bagamoyo. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Ituru, jirani tu na hapa, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Hao ni mashahidi wa njia na wa Unyanyembe kwa jumla. Niliwaweka katika rasimu kama mandhari, nikajizuia kuwafanya waseme juu ya nyumba hii kile ambacho hawakukisema.

Kulikuwa na pingamizi lingine, nalo ni la udongo wenyewe. Tembe lisipokandikwa mvua hulila, na hili limejengwa upya na kukarabatiwa katika karne ya 20. Je, ninaandika juu ya nyumba ya Livingstone au juu ya mfano wake? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina mpaka wake: jengo la kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja, la baadaye linahitaji kutangazwa na serikali. Stanley analiona tembe mwaka 1871, miaka minane ng'ambo ya mpaka huo. Lakini sheria inauliza umri wa ukuta, na mimi naona hilo ni swali dogo kwa nyumba ya namna hii. Watu wa nyumba za udongo hawajawahi kudai kwamba ukuta uliokandikwa upya ni nyumba nyingine. Msikiti wa kijijini hupakwa upya kila mara na bado ni msikiti uleule wa babu zao.

Kilichonimalizia ubishi kilikuwa Oktoba 1873. Verney Lovett Cameron alikuwa anakaa katika nyumba hii, anaumwa homa, akiwa njiani kumpelekea Livingstone msaada. Akaletewa barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa Livingstone, na mletaji alikuwa mwenzake Chuma: Livingstone amekufa, na watu wake wanakuja na mwili. Wakaja. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wamekwisha kuubeba mwili huo miezi mingi. Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akashauri azikwe papa hapa, yaishe. Wakakataa. Wakakaa wakapumzika, wakaufunga mzigo wao upya, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Nilikaa katika chumba kimoja cha tembe nikifikiria kukataa huko. Wanaume wasio na cheo, mbele ya mzungu mwenye bastola na bendera, walisema hapana, na ikawa hapana. Tarehe 18 Aprili 1874 London ikamzika mtu wake, na Wainwright alikuwapo. Nyumba iliyoshuhudia jambo hilo haiwezi kuwa aya ndani ya makala ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ndiye aliyekuwa ndani ya sanda.

Basi nikaandika ingizo, na nikaliita "Tembe la Kwihara". Sentensi ya kwanza inasema ni nyumba ya enzi za misafara katika Unyanyembe, karibu na Tabora. Mirambo anaingia kabla ya Livingstone, kwa sababu tarehe zinamtanguliza. Wapagazi 57 wamepata sentensi yao, na Oktoba 1873 imepata sehemu nzima. Sehemu ya wajenzi niliianzisha nikaifuta mara tatu. Sikuwa na karatasi ya kuisimamisha. Chini kabisa nikaweka ile alama tunayoweka kwenye makala fupi, isemayo kwamba makala hii bado ni mbegu.

Kesho yake nilifungua ukurasa wa historia nione kama mwenzangu ameukata. Hakuwa amefuta neno. Alikuwa ametengeneza elekezo moja tu: mtu akitafuta "Nyumba ya Livingstone", analetwa Kwihara.