Kipande cha Ubao Kilichozaa Ushirika

Tunapotimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, yatupasa kukumbuka mfano wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyepata kuwa kibarua wa mkonge huko Tanga. Mwaka 1968, pande za Oyster Bay, Kinondoni, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba za dari, na kuviuza penye duka la Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi. Wanafunzi wake wangaliweza kutawanyika, kila mtu na bei yake; bali walishikamana, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Nasi, ndugu wanachama, je, tumewafundisha vijana wetu watakaotufuata?